Mlango wa Choo cha Soko

Wanawake wa soko lile hawakuwa wakinywa maji mchana. Walikunywa kikombe nyumbani kabla ya kutoka na kingine jioni wakisharudi, na katikati walisukutua mdomo wakatema. Soko halikuwa na choo. Lilikuwa na ofisi ya ushuru yenye feni, lilikuwa na geti lenye makufuli, na kila asubuhi mtoza ushuru alipita meza kwa meza na kitabu chake cha risiti. Akiulizwa habari za choo alisema kipo kwenye bajeti, na hakuwa anadanganya. Kilikuwa kwenye bajeti kila mwaka.

Mama Vitunguu alikuwa amebana mkojo katika soko hilo tangu usichana wake. Figo moja ilikwisha kufa, na miguu ilikuwa imevimba. Daktari alimwambia anywe maji mchana kutwa, la sivyo na ya pili itakwenda.

"Halafu nikayamwage wapi, daktari?"

Daktari akamwandikia dawa.

Mlango ulitokea siku ya Jumatatu, ukutani, kati ya wauza mkaa na wauza mitumba. Ulikuwa wa mbao nzuri, na juu yake palikuwa na kibao: CHOO CHA SOKO, KIMEJENGWA KWA USHURU WENU. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja na nyuma yake ni mtaro. Muuza mkaa, shoga yake Mama Vitunguu, alikuwa na haraka zake. Akazungusha kitasa, akaingia, akakawia, akatoka anajifuta mikono kwa taulo.

"Kupoje?" aliuliza Mama Vitunguu.

"Marumaru mpaka darini. Ni kwa mweka hazina."

Ndivyo ilivyokuwa. Mlango ulifungukia bafuni kwa mweka hazina wa baraza la mji, ghorofani, kule mitaa ya lami. Mkewe alikuwa mbele ya kioo akijipaka mafuta. Alisogea kidogo kuwapisha, akawaomba tu wavue viatu, zulia lilikuwa jipya. Wanawake wakapanga foleni, nao wauza mitumba wakaacha kugombania nafasi ya meza ili wasimamie zamu.

Zamu ya Mama Vitunguu ilipofika, alikaa akatazama. Bomba linang'aa. Kioo kimezungushiwa taa. Akajua hapa pana ushuru wa marehemu mama yake, aliyeuza vitunguu kwenye meza ile ile na kufa kwa maradhi yale yale, na pale pana wa kwake. Hasira zilimpanda. Alitamani kuling'oa lile bomba aondoke nalo kwapani. Badala yake alilia, akanawa uso, akamshukuru mwenye nyumba kwa sababu alilelewa hivyo.

Tangu siku hiyo akawa anakunywa maji. Uvimbe wa miguu ulipungua, na daktari akasema dawa zimefanya kazi.

Baraza la mji lilikaa kuujadili mlango. Hakuna aliyeuliza fedha za choo zilifikaje bafuni kwa mtu. Waliuliza mlango umepewa kibali na nani, kisha wakaupa. Mwenyekiti alikuja sokoni kukata utepe, akasema wananchi sasa wameona kwa macho yao kodi inakokwenda. Mweka hazina alisimama kando yake, akapigiwa makofi, akapunga mkono.

Kesho yake palikuwa na meza mlangoni, na aliyeikalia ni mtoza ushuru, ambaye alikuwa kijana wa dada yake Mama Vitunguu.

"Mama mdogo, kuna ada sasa. Ya matengenezo."

"Ada ya choo nilichokijenga mwenyewe?"

"Usinifokee mimi, mama mdogo. Nimetumwa."

"Umetumwa na nani? Mwizi anamkodishia mwenye mali mali yake, na wewe unamkatia risiti! Hamna aibu hata ya kuazima!"

Soko zima lilisikia. Hata hivyo kibofu hakijui kugoma, kwa hiyo akalipa. Kijana akachana risiti, akampa, akamwonyesha pa kusimama.

"Subiri kidogo. Mzee anaoga."

Foleni ikarefuka nyuma yake. Harufu ya sabuni ilipenya chini ya mlango. Ndani mweka hazina alikuwa anaimba wimbo wenye beti nyingi, na kila walipodhani amemaliza, alianza ubeti mwingine.

Mama Vitunguu akakoma kubana. Alikojoa pale pale, wima, mbele ya meza, macho yake kwenye macho ya mtoto wa dada yake, mpaka akamaliza. Wanawake wakampisha njia. Hakuna aliyecheka.

Kijana aliinua viatu vyake visilowe, akafungua ukurasa mpya, akamwandikia faini ya kuchafua soko.