Furushi kwenye Mkilua

Mimi si mtu wa kumdhania mwenziwe ubaya. Waulize hapa Takaungu, nyumba hadi nyumba. Lakini mtu akiingia bustanini kwangu, akauzunguka mti wa mama yangu mara tatu, akaunusa, akalikwaruza shina kwa ukucha, na mashallah asiseme, nimfikirieje? Nimtandikie mkeka?

Mti wenyewe ni mkilua. Aliupanda marehemu mama, na kwa vilua vyake pamoja na asmini zangu mimi hufunga vikuba, vile vishada vya kunukia vya maharusi, kutoka hapa mpaka Malindi. Asmini kila ua unazo. Mkilua ninaoujua mimi ni huo mmoja, na ukikata tawi ukalichomeka ardhini halishiki. Nimejaribu mpaka nimechoka. Huo ukifa, kazi yangu imekwisha, na mama nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Basi tuna kikundi chetu cha akina mama wapenda bustani. Kila mwezi tunakwenda kwa mmoja wetu, tunatembea, tunatazama mwenzetu kapanda nini na kapangaje, ili na sisi tukirudi majumbani tupate la kuiga, kisha tunakunywa chai. Mwezi wa kumi na mbili, kaskazi limeanza kuchoma, zamu ilikuwa yangu. Wenzangu walisifu kama watu: "Mashallah, Bi Hindu, mkono wako una baraka." Kahaso peke yake kimya. Huyu ni mke wa Mwaringa, wana shamba lao njia ya Kuruwitu, na bustani anaijua, hilo simnyimi. Alipomaliza kuuzunguka mti wangu ndipo akafungua mdomo, mbele ya wote.

"Bi Hindu, mti huu unakufa. Mchwa wamo shinani. Ukifika masika ni bahati. Niache nikufungie tawi."

Kunifungia! Jamani, hapa kwetu mtu hufungwa kizazi, hufungwa biashara, hufungwa mume akasahau njia ya kwao. Na huyu ananiambia waziwazi, chai yangu mkononi, kuwa atanifungia!

"Kafunge huko kwako," nikamwambia. "Hapa pafungue, uende."

Akaenda. Tangu siku hiyo nikawa na jicho naye.

Mwezi wa kwanza ukaingia, majani ya juu yakaanza kukauka. Mchwa mimi sikuwaona. Nilichota maji kisimani asubuhi na jioni, nikaweka samadi, nikasoma dua, na mti ukazidi kupukutika. Vilua vikawa vinatoka kimoja leo, kimoja keshokutwa. Harusi mbili niliwaambia wenyewe watafute kwingine, na roho iliniuma. Halafu nikakutana na Kahaso sokoni. Unajua alianza na nini? Hakuniuliza hali yangu wala ya watoto. "Mti haujambo?" Nikajisemea, haya, mwenye kazi anafuatilia kazi yake.

Binti yangu Lubna anafanya kazi Malindi, huja mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita akanipigia simu.

"Mama, ukipogoa mkilua, upande wa ukutani usiuguse."

"Kuna nini ukutani?"

"Basi tu, mama. Nikija nitakwambia."

Mtu akikwambia usiguse, si utakwenda kutazama? Nilichukua ngazi. Kule nyuma, juu, palikuwa na tawi moja tu lililobaki na majani mabichi, na kwenye tawi hilo furushi la kadiri ya ngumi. Kitambaa cheusi cha kaniki, kimekazwa kwa kamba huku na huku.

Sikuligusa kwa mkono, mimi si mjinga. Nililikata tawi zima kwa panga likaanguka uani, nikalipasua furushi kwa ncha ya kisu. Ndani udongo mweusi, makumbi ya nazi yaliyolowa, na nyuzi nyeupe, nyingi, zimejisokota humo. Lahaula! Nikasoma Ayatul Kursiy, nikamwaga mafuta ya taa, nikalichoma pamoja na tawi lake. Nilisimama pale mpaka likawa jivu. Nitasema kweli: nilifurahi. Lubna sikumwambia kitu, maana kikulacho ki nguoni mwako, na nilishaona mtoto wangu ametiwa maneno.

Jana zamu ilikuwa ya Kahaso. Nilivaa buibui langu jipya, nikaenda, nia yangu nimuumbue mbele ya kikundi kizima. Kaskazi linaisha, kila mahali pamekauka, lakini kwake pabichi. Mchicha kautilia kivuli cha makuti, mashina yote kayafunika nyasi kavu. Wenzangu wanaulizana, wanapiga picha kwa simu. Mimi macho yangu yalikuwa juu. Kwenye mdimu, furushi. Kwenye mkomamanga, mafurushi mawili. Kwenye mstafeli, furushi. Yote ya kaniki.

"Mmeyaona?" nikapiga kelele. "Mmeyaona mafingo haya ya uchawi? Na mimi alinifungia moja kwenye mkilua wangu, nimelikuta kwa macho yangu!"

Wote wakageuka. Kahaso aliuendea mdimu, akalifungua furushi taratibu. Udongo mweusi, makumbi, na nyuzi nyeupe zimejisokota. Akakata tawi chini ya furushi kwa kisu, akaniwekea mkononi.

"Mizizi, Bi Hindu," akasema. "Tawi unalibambua gome, unalifungia udongo, na humo gizani linatoa mizizi likiwa bado liko juu ya mama yake. Likishatoa, unalikata unalipanda, mti mpya. Huko ndiko kufunga tawi."

"Lubna ndiye aliyenifungulia mlango, mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, siku uliyokwenda mazikoni. Alisema wewe ukiulizwa hutakubali. Lako limeshakuwa tayari, tunangoja mvua ya kwanza tu tulishushe. Hujalifungua lakini? Mizizi hukauka upesi."

"Nimelichoma," nikasema. "Na tawi lake."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Kahaso akaniuliza kama kuna tawi jingine lenye ubichi, hata dogo. Nikamwambia halipo, lilikuwa hilo hilo. Akakaa chini kwenye nyasi kavu, akafuta kisu kwa leso yake muda mrefu.

"Basi ndio umekwisha," akasema.

Nikatafuta wa kumkasirikia. Lubna kwa kunificha, Kahaso kwa kuja kwa mlango wa nyuma, mchwa. Nikatafuta, nikamkosa. Nikalia mbele ya watu, mche wa mdimu mkononi, buibui jipya lote udongo.

Kahaso akainuka, akaniambia niushike mche wima mizizi isikatike, niupande leo leo kabla jua halijaupata.

Nikamwambia, "Sistahili hata huu."

Wala hakunibishia.