Kizibao Kimoja

Ukasha, msimamizi wa vibarua, alirusha vizibao vya reflekta juu ya geti la hoteli kama kawaida yake. Asubuhi nyingine zote wanaume walivigombea kufa na kupona, maana aliyekipata ndiye aliyeingia kubeba saruji, na aliyekosa alirudi nyumbani mikono mitupu. Hapo getini, Utende, watu walishang'oana meno na kutiana vidole machoni, watu wanaosali safu moja! Ndivyo hoteli ilivyoajiri. Na kwa kuwa wagombeaji hawakuisha, ujira haukupanda hata siku moja.

Leo vizibao vililala mchangani. Hakuna aliyeinama.

Zubery alifurahi mpaka akataka kulia. Jana, baada ya Alasiri, walisoma Yasini msikitini wakaapa: hagusi mtu kizibao mpaka kazi iwe ya zamu na ujira uongezwe. Wazo lilikuwa lake. Wa kwanza kumuunga mkono alikuwa Shamte, mume wa dada yake Mize.

Ukasha akatoka nje. "Leo mmeota mapembe?"

"Tunataka zamu, bosi," Zubery alisema. "Na ujira wa kumtosha mtu mwenye watoto. Sisi si kuku wa kutupiwa mtama."

Wenzake wakacheka. Ukasha naye akacheka, na kicheko chake kikamtia Zubery wasiwasi. Aliokota kizibao kimoja, akakikung'uta, akamvisha Zubery kwa mikono yake mwenyewe na kumfunga zipu mpaka juu.

"Mnataka ajira ya haki? Haya basi. Ipo nafasi moja ya kudumu, na bima juu. Ni hicho kizibao. Atakayenikabidhi mkononi, ndiye."

"Msimsikilize!" Zubery aliwageukia. "Jamani, tumesoma Yasini!"

Akapeleka mkono kwenye zipu akitupe kitu chenyewe, na kabla hajaifikia, jiwe likampata sikioni.

Walimwangukia wote. Magoti yalimkandamiza mgongoni, mtu alimuuma shingo, mwingine akampiga teke la mbavu hata pumzi ikakatika. Kisha mkono wake ukavutwa nyuma, ukazungushwa, ukazidi kuzungushwa.

"Shemeji, achia!" Ilikuwa sauti ya Shamte. "Achia, Mize hajala tangu juzi!"

"Unanivunja, Shamte!"

Shamte hakuacha. Bega likalia ko! likachomoka, na kizibao kikatoka na ngozi.

Ukasha alikipokea, akamrudishia Shamte. "Vaa. Kazi yako ya kwanza, niondolee huyo hapo. Wageni wanatoka kwenda kupiga mbizi."

Shamte alimshika Zubery miguu yote miwili. "Nisamehe, shemeji," alisema, pua ikimtiririka damu, akaanza kumburura. Zubery alimchukia, wallahi alimchukia. Na papo hapo akajua kwamba angekuwa yeye, labda naye asingeuachia ule mkono.

Vizibao vilivyokuwa mchangani vilikwisha kuokotwa, na waliovipata walishaingia. Waliokosa walijipanga tena mbele ya geti, wakijifuta damu kwa mashati.

"Bosi," mmoja wao aliuliza kwa adabu, "kesho utarusha vingapi?"