Nenosiri la Mama Mkwe

Fundi wa kompyuta alipiga pasi shati kabla ya kwenda kazini siku hiyo. Kwa mteja mwingine angevaa fulana tu, lakini aliyemwita alikuwa mama mkwe wake, daktari wa mifugo, na seva yenyewe, kompyuta ya kutunzia taarifa za kliniki, alikuwa amemwahidi tangu enzi za uchumba.

Chumba cha nyuma cha kliniki kilinuka dawa ya kuogeshea mbuzi. Fundi aliweka mashine mezani, akasakinisha Linux, mfumo wa kuiendesha, kisha akafungua dirisha jeusi kwenye skrini na kuandika amri ya kuleta programu ya hifadhidata. Maandishi yakaanza kumiminika. Mama mkwe akavuta kiti, akaketi nyuma yake kama msimamizi wa mtihani.

"Mbona hakuna picha?"

"Seva haihitaji picha, Mama."

"Haya, nimenyamaza." Hakunyamaza.

Hifadhidata ilipokaa sawa, ikabidi iwekewe nenosiri. "Taarifa ni za kliniki yako, Mama, chagua mwenyewe," fundi alisema, akageukia ukuta kwa heshima. Mama mkwe akacheka kidogo, akagonga vitufe.

"Kibodi imekufa. Naandika, sioni kitu!"

"Inaficha makusudi. Andika, halafu urudie."

Alirudia, maneno mawili hayakulingana. Alijaribu tena huku akitamka herufi kwa midomo, ikakubali.

Lakini kompyuta ya mapokezi haikuipata seva.

"Inajisikiliza yenyewe tu," fundi alieleza. "Ndivyo inavyokuja. Ngoja niiambie isikilize na wengine."

"Ukimaliza, mfanyie hivyo na baba mkwe wako."

Fundi alibadilisha mstari mmoja, akaifungulia njia kwenye ukuta wa ulinzi wa mtandao, akaiwasha upya. Kilichobaki ni kuandika nenosiri kwenye faili la mipangilio kule mapokezi, ili programu ya kliniki iruhusiwe kuingia.

"Nitajie, Mama, niandike."

Mama mkwe alitazama dari. "Nitaandika mwenyewe. Wewe baki hapa."

Alikwenda, akaandika. Mara akafika mteja na mbuzi aliyevimba tumbo, daktari akakimbilia huko, faili akaliacha wazi. Mpokezi, binti mwenye sauti ya kuuzia samaki, akarudi kwenye kiti chake.

"Daktari! Programu imekataa! Na hapa pameandikwa 'mkwe konokono'. Nifute?"

Wateja wote wakageuza shingo, mbuzi naye pia. Fundi alitoka chumba cha nyuma taratibu, akainama juu ya skrini.

"Umeacha nafasi katikati, Mama. Kule mwanzo uliunganisha?"

"Niliunganisha," mama mkwe alijibu, akimwangalia mbuzi.

Fundi akafuta nafasi. Programu ikafunguka papo hapo.

"Mwanangu, nisamehe. Nilichoka kusubiri seva. Tafadhali usimwambie mke wako."

"Mke wangu ndiye aliyenibatiza jina hilo, Mama. Hata kwenye simu yake nimeandikwa hivyo."

Mama mkwe alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea kaunta, na fundi naye akaangua kicheko, shati likamtoka kiunoni. Kisha wakabadilisha nenosiri, maana la kwanza sasa lilijulikana hadi kwa wateja, na mpokezi akaingiza mgonjwa wa kwanza kwenye hifadhidata: mbuzi jike, mweupe, tumbo limejaa gesi.

"Amehifadhiwa!" mpokezi akapaza sauti, na mwenye mbuzi akapiga makofi.