Bata Mwenye Kipande

Nyama ya bata ilikuwa imekwisha na mchuzi umekombwa kwa ugali, ndipo Wasike alipouma chuma. Akakitema kiganjani: pete ndogo, imechorwa namba na maandishi ya kizungu. Mkewe Nanyama, aliyemwokota yule bata amekufa kando ya bwawa na kumpika miguu na yote, akasema labda ni urembo. Urembo gani wenye namba? Wasike alikuwa amevaa kipande chake shingoni, kile cheti cha kazi cha Mwafrika ndani ya kibati chake, miaka mingi kabla serikali haijakiondoa. Hiki nacho kilikuwa kipande, na wao walikuwa wamemla mfanyakazi wa mtu.

Na mwaka wa 1955, hali ya hatari ikiwa bado imetangazwa, haukuwa wa kuchezea serikali. Isitoshe, kazi yenyewe ya Wasike ilikuwa ndege. Kila Januari, ndege wa Ulaya wakishakimbia baridi ya kwao, alifuatana na Memsahib, mjane wa Kizungu mwenye shamba, kando ya mto Njoro na mabwawa yake. Wasike alihesabu, Memsahib akaandika. Sheria ilikuwa moja tu: ndege haguswi. Kazi ikienda na nyumba imeenda, na watoto watalala wapi?

Kesho yake asubuhi alihesabu bata arobaini, akasema arobaini na mmoja, ili yule aliyeliwa asionekane amepungua.

Memsahib akainua darubini, akapata arobaini. Wasike akashikilia kwamba mmoja amepiga mbizi. Wakangoja. Wakanywa chai ya chupa yote, na bata yule, mpiga mbizi hodari kuliko wote wa Bonde la Ufa, hakuibuka.

Njia ya mwongo ni fupi. Wasike akatoa pete mfukoni, akaeleza yote huku akitazama viatu vyake.

Memsahib aliyasoma maandishi, akaketi kwenye nyasi zenye umande. Miaka kumi na miwili, alisema, alikuwa akitafuta pete kama hiyo. Waliomvisha bata ni wapenda ndege wa nchi ya mbali kaskazini, na hawakutaka kumfunga mtu. Walitaka tu barua ya kuwaambia alifika wapi.

Wasike alicheka, akaketi naye. Kisha akaitazama tena ile pete. Yeye mwenyewe alitoka kwao Kimilili mwaka wa nne huu, na mamake hajapata hata mstari mmoja wa barua.

"Memsahib," akasema, "waandikie alifika salama. Hiyo ya sufuria wacha tu." Akang'oa unyasi mmoja. "Na ukimaliza, uniandikie barua moja ya mama."