Bibi wa Darajani Hana Miguu

Mvua ya mwezi wa sita haina haraka. Huingia Kyoto kama mgeni asiyesema ataondoka lini; mikeka ya nyasi inanata miguuni, kabati la magodoro linanuka uvundo, na aliyechoka anachoka zaidi. Mwanangu Shunpei alikuwa amelala chumba cha mbele tangu maua ya mcheri yalipopukutika. Hakuwa mgonjwa wa homa wala wa kuvunjika. Alianguka kazini, daktari akampima kila palipopimika, kisha akasema: huyu amechoka, apumzike. Mtu mzima mwenye mvi anaambiwa na daktari jambo ambalo mama yake alimwambia tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Kazi yake ni kutengeneza michezo ya video. Ule wa kwanza aliutengeneza akiwa kijana, na jina lake ni Daraja la Ukungu. Ndani yake kuna msichana anayepanda mlima kumtafuta kaka yake. Katikati ya njia kuna daraja, na darajani amesimama bibi mmoja anayetega vitendawili. Ukijibu, unapita. Ukikosea, unarudishwa chini kabisa uanze tena. Bibi huyo ni mimi. Sura ni yangu, sauti ni yangu, vitendawili ni vyangu. Shunpei alinirekodi nikiwa ndani ya kabati la magodoro, mlango umefungwa ili kelele za mtaa zisiingie. Nusura nife kwa joto humo ndani, na wakati ule hata bibi sikuwa.

Sasa kampuni ilitaka kuurudisha mchezo huo kwa mashine za siku hizi. Zipo njia mbili za kuurudisha, na wenyewe wana majina yake, rimasta na rimeki. Shunpei alinieleza mpaka akakata tamaa. Mimi shule niliishia ya msingi, nikaingia kazi ya kufua kimono: unaifumua nguo yote, unafua vipande, unavitandaza kwenye vijiti vya mianzi vikauke bila kujikunja, kisha unaishona irudi nguo ile ile. Kwa hiyo nikajielewea kwa njia yangu. Rimasta ni kufua. Kitambaa ni kile kile, uzi ule ule, uchafu tu ndio unaotoka. Rimeki ni kufuma nguo mpya kwa kuitazama ya zamani.

"Si hivyo kabisa, Mama," Shunpei alisema.

"Imekaribia?"

"Imekaribia."

"Basi niachie."

Yeye alitaka ufuliwe. Ndiyo kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na alitaka watu wauone kama alivyoufanya. Lakini wakubwa walikuwa wamesema kwamba kazi ya kufua isipopendeza, mchezo utapelekwa Tokyo ukafumwe upya na watu wengine. Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Asirudi kwenye kile kiti chake cha ofisini. Mkoba wake wa kazi nilikuwa nimeshauficha.

Basi alasiri moja akaja Nagisa. Ni binti aliyekuwa chini ya Shunpei kazini, na tangu Shunpei alale, kazi yote ya kufua ilikuwa mabegani mwake. Alisimama mlangoni akikung'uta mwavuli, begi la mashine mgongoni, mkononi boksi la vitamu vile vya pembetatu vya mwezi wa sita, vyenye maharage mekundu juu.

"Hodi, Bibi. Samahani kwa usumbufu."

"Karibu, mwanangu. Kitendawili."

"Tega."

"Twaenda sote kila aendako, akifika kwake ananiacha mlangoni."

"Viatu," akasema, huku akivivua. "Bibi, ulinitega hicho hicho nikiwa na miaka tisa."

"Wapi? Sikukujua wewe."

"Ndani ya mchezo. Nilijibu mwavuli, ukanirudisha chini ya mlima. Nililia mpaka nikanyimwa chakula."

"Maskini. Ningekujua ningekuachia upite."

"Mama," Shunpei akaita kutoka chumbani, "mwache apumue."

Nilimtazama yule binti kwenye mwanga. Chini ya macho palikuwa peusi kama aliyepakwa masizi. Nikamuuliza amelala wapi jana. Akasema ofisini, chini ya meza, lakini kuna godoro dogo zuri tu. Alisema "zuri tu" vile vile mwanangu alivyokuwa akisema.

Nilileta chai ya shayiri ya baridi. Nagisa akaunganisha mashine yake na televisheni, akakaa kwa magoti, mgongo umenyooka, kama aliyekuja kuposa. Shunpei aliegemea mto. Mchezo ukafunguka. Nikaona mlima, rangi zake safi, kila jani peke yake. Nikasema, "Lo, mzuri!"

Shunpei hakusema mzuri. Alisema, "Ukungu uko wapi?"

"Tumeuondoa, Mwalimu." Ndivyo Nagisa anavyomwita mkubwa wake.

"Kwa nini?"

"Televisheni za sasa ni kubwa. Wakubwa wanataka watu waone mbali."

"Waone nini? Mbali hakuna kitu, Nagisa. Wewe unajua kwamba hakuna kitu."

Na kweli hakukuwa na kitu. Mashine za zamani zilikuwa dhaifu, haziwezi kuchora vya karibu na vya mbali kwa pamoja, kwa hiyo Shunpei alijaza ukungu ili vya mbali visihitaji kuchorwa. Mchezo ulipotoka watu wakausifu ukungu: una huzuni, unatisha, unamfikirisha mtu. Yeye akawa anainama na kushukuru. Nyumbani akaniambia, "Mama, wanasifia umaskini wangu."

Nagisa akampandisha yule msichana wa mchezoni. Tukaanza kuona. Mlima una uso tu, nyuma yake kweupe, kama pazia la mpiga picha. Miti ya mbali inaning'inia hewani. Halafu tukafika darajani, na pale nikajiona.

Sikuwa na miguu.

Nilikuwa na kichwa, kilemba, mikono, aproni, na aproni ilipoishia nami niliishia. Nimeelea juu ya mbao kama nguo iliyoanikwa. Zamani ukungu ulilala chini ya daraja, nani angejisumbua kuchora miguu isiyoonekana? Ila kwetu hata mtoto anajua: asiye na miguu ni marehemu. Hivyo ndivyo mizimu inavyochorwa tangu enzi na enzi.

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. "Kumbe nimekufa na hamkuniambia! Sasa wali wa asubuhi mmepikiwa na nani?"

Nagisa aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nisamehe sana, Bibi."

"Inuka, mwanangu. Mzimu gani anakohoa chai?"

Shunpei hakucheka. Alikuwa ameketi wima, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa wiki nyingi, na sikulifurahia.

"Mmewaonyesha watu?"

"Picha tu. Zilitoka jana pamoja na tangazo. Watu wanaandika mtandaoni, Mwalimu. Wanasema sasa ndiyo wameelewa, kwamba Bibi alikuwa mzimu tangu mwanzo, na wewe uliificha siri hiyo miaka yote. Wanakusifu."

"Wananisifu!" Akapiga mto ngumi. "Mama yangu si mzimu. Yule ni mtu aliye hai, anamngoja mtoto apite ili arudi nyumbani akapike. Ndiyo maana yake yote. Hakuna nyingine. Lete mashine, nitamchorea miguu."

"Mwalimu..."

"Miguu miwili tu."

"Miguu itataka mbao za kukanyaga, na pale mbao ni rangi tu iliyopakwa. Ukiweka mbao, zitataka kivuli. Daraja likiwa na kivuli, mlima utaonekana wa karatasi. Utautengeneza mlima. Ulinifundisha mwenyewe: ukianza kuongeza kisichokuwepo, hiyo si rimasta tena."

"Basi rudisheni ukungu."

"Nimeomba. Wakaniuliza, mwaka mzima mmefanya kazi halafu mnaturudishia ukungu ule ule? Na tangazo limeshasema: Ona mbali."

Mvua ilikuwa ikitiririka kwenye mfereji wa bati. Shunpei akanigeukia.

"Mama, mkoba wangu wa kazi uko wapi?"

"Sijui."

"Mama."

"Nimesema sijui. Na mzimu hasemi uongo."

Akatia goti chini ili ainuke. Akaweka mkono ukutani. Jasho likamtoka usoni wakati feni inampulizia, na mkono ule ukutani ukawa unateleza, mkono wa mtu aliyekuwa akinibebea gunia la mchele kwa bega moja. Sikumsaidia. Mungu anisamehe, nilitaka ashindwe. Nagisa naye hakumsaidia, alitazama kikombe chake. Mwanangu akakaa tena chini taratibu, akifanya kana kwamba alikuwa anajiweka vizuri tu.

Nikasema kitu ili kuwe na sauti. Nikawasimulia mteja wangu mmoja wa zamani aliyeniletea kimono ya mama yake niifue. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi mno, ukiivuta kidogo uzi unaachia. Nikamwambia siwezi, ikiguswa tena na maji itabaki makapi, atafute mfumaji amfumie nyingine ya mtindo ule. Akalia pale pale mlangoni kwangu. Mpaka leo sijui ningemwambia nini.

"Mama, mimi si nguo."

"Najua. Nguo ingekuwa imeshakunjwa zamani, imelala."

Nagisa akatoa sauti kidogo, sijui ya kucheka au ya kulia. Shunpei akamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aingie, akaona yale masizi chini ya macho.

"Wakiufuma upya," akasema, na nilifurahi kwamba ameazima neno langu, "nani atafuma?"

"Timu ya Tokyo. Wameniomba niende nao. Sijawajibu."

"Kwa sababu yangu?"

Nagisa akakisogeza kikombe kushoto, akakirudisha kulia.

"Ukienda, utataka kufanya nini huko?"

"Nyuma ya mlima," Nagisa alisema, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Tangu utotoni nilitaka kuona nyuma ya mlima. Nilijua kuna kijiji."

"Hakuna kijiji. Sikuwa na nafasi ndani ya mashine, wala muda."

"Najua, Mwalimu. Nimefungua kila kitu, nimeona hakuna. Lakini mimi nilikiona."

Vitamu vilikuwa bado kwenye boksi, hakuna aliyekula. Nikafikiri Shunpei atakasirika, maana nani anapenda kuambiwa kwamba mtoto wa mwenzio ameona ndani ya kazi yako kitu usichokiweka?

"Nyumba ngapi?" Shunpei akauliza.

"Chache. Ndogo. Moja inatoa moshi."

"Ya nani?"

"Ya Bibi. Akitoka darajani anarudi hapo, anapika."

Mwanangu akafumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, bila kuyafumbua, "Nenda ukakijenge."

"Na hii rimasta yetu?"

"Iache. Waambie imeshindikana, na aliyesema ni mimi. Picha za mzimu ziondoeni, hilo naomba." Akavuta pumzi. "Nimechoka, Nagisa. Nimechoka kweli."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimsemea neno hilo mimi. Siku ile alilitamka mwenyewe. Halafu akalala, akageukia ukutani. Nilimfunika tumbo kwa taulo, kwa sababu feni humharibu mtu tumbo, hata awe na mvi.

Nagisa alifunga mashine yake kimya kimya. Nikamfungia vitamu viwili kwenye karatasi avile njiani, maana alivileta na hakuonja. Pale mlangoni alivaa kiatu kimoja, akasita.

"Bibi, wewe umekubali? Kule hutakuwa yule yule. Sauti wataitafuta kwa mtu mwingine, labda. Vitendawili nitavipigania."

"Kitendawili," nikamwambia. "Nimerudi kama nilivyoondoka, wakanikimbia. Nimerudi mwingine, wakanikumbatia."

Akafikiri. "Mume aliyetoka vitani?"

"Umekosea. Rudi chini ya mlima."

"Jibu lake, Bibi?"

"Mimi mwenyewe sina. Ndiyo kwanza nimekitunga."

Akacheka kwa uchovu. Mvua ilikuwa imepungua, imebaki manyunyu. Akatoa simu yake mfukoni na kuuliza kwa aibu, je, ninaweza kutembea kidogo mbele yake pale kichochoroni? Akiwa na picha ya miguu yangu ikitembea, ataenda nayo Tokyo, wasije wakaweka miguu ya mtu mwingine.

Nikavaa ndala zangu, zile za plastiki za kwendea kutupa taka.

"Tembea kama kawaida, Bibi."

"Nikitazamwa natembea kama askari."

"Jifanye unarudi nyumbani."

Nikatembea. Goti la kulia linauma siku za mvua, kwa hiyo naenda kwa kuegemea, unyayo mmoja unapiga, mwingine unaburuta. Nikapita mapipa ya taka, nikapita chini ya dirisha la chumba cha mbele. Lilikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Siku za kurekodi, Shunpei hakuwahi kuniacha nimalize sentensi bila kunikata: polepole, Mama, usilie, Mama, anza tena, Mama. Nikapunguza mwendo pale dirishani, nikingoja anikate. Nilisikia feni ikizunguka, na mwanangu akikoroma.

"Mara moja tena, Bibi?" Nagisa akanong'ona. "Maji ya mvua yaliingia kwenye kioo cha kamera."

"Mara moja tena," nikasema, nikarudi mpaka kwenye kona kuanza upya.