Saini Mbili, Soda Mbili

Usiku wa jana niliota mchana kweupe. Jua la saa sita liko utosini, nami nimesimama mbele ya ofisi ya Umoja wa Wenye Nyumba wa mtaa wetu, mkononi barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo ziliomba jambo hilohilo: tuonyeshwe kumbukumbu za kikao kilichoamua geti la nyuma lizibwe kwa matofali. Geti hilo ndiyo njia ya mama yangu, Bi Sikudhani, kwenda hospitali kusafishwa figo, mara tatu kwa wiki. Njia ya mbele ina ngazi kumi na tisa. Kiti chake cha magurudumu kina sifa nyingi, ila kushuka ngazi hakijajifunza.

Mlangoni nazuiwa na kabati la mafaili lililovaa tai. Linauliza mimi nani. Nasema, Mbwana, nyumba namba kumi na saba. Linanieleza kwa upole kwamba kumbukumbu ziko wazi kwa kila mwanachama, isipokuwa anayetaka kuzisoma.

"Basi mimi sitaki," nasema.

"Ungesema mapema, ndugu yangu." Likajisogeza pembeni.

Ndani kikao kinaendelea. Wajumbe hawamo, kikao ni cha siri, kwa hiyo hata wao hawakuruhusiwa kuingia. Wametuma ndala zao. Ni jozi tatu, lakini zimehesabiwa mojamoja na akidi imetimia. Inayoongoza ni ndala ya kushoto ya Mwenyekiti Mkumbwa, ile iliyoshonwa kwa waya.

Nikauliza nani aliyekubali geti lizibwe. Ikanijibu kwamba ni wakazi wote, na ushahidi upo. Ikaletwa karatasi ya mahudhurio ya mkutano mkuu, ile iliyozungushwa pamoja na kreti za soda. Juu yake umebanwa uamuzi ambao sijawahi kuuona.

Nikapinga. Nikasema pale tulisaini kwamba tumehudhuria tu.

"Mlikaa, mkanywa," ndala ikasema. "Asiyekubali hunywa?"

Nikapitisha kidole kwenye majina. Mstari wa kumi na nane nikakuta la mama. Moyo ukaruka kwa furaha, maana siku ile mama alikuwa hospitali. Nimewakamata! Nikatangaza kwamba hii ni saini ya kughushi, na aliyeighushi asimame.

Ndala zote zikanigeukia. Mimi ndiye pekee niliyekuwa nimesimama.

"Uliniandika wewe," ikasema saini, taratibu, kama jirani asiyependa ugomvi. "Kwa kalamu ya kuazima, ili upewe soda ya pili. Ilikuwa ya nanasi."

"Ilikuwa ya mama."

"Mama yako amekatazwa soda, Mbwana."

Kabati likasoma kifungu cha saba: aliyesaini kwa niaba ya mtu, atatekeleza kwa niaba ya kamati.

Ofisi haipo tena. Nipo getini, nimeshika mwiko, mchanganyiko wa saruji na mchanga uko miguuni. Najenga vizuri, nasikitika kusema. Sijawahi kunyoosha ukuta namna ile. Limebaki pengo la tofali moja, na ndani ya pengo uso wa mama, upande wa pili, karudi kutoka hospitali.

"Unajenga nini, baba?"

"Nimetumwa na kamati, mama."

"Kamati ni nani?"

Nikageuka nimwonyeshe. Ndala zimeshaondoka, kila moja njia yake. Nikachukua tofali la mwisho. Mama alirudisha kichwa nyuma kidogo, lisimguse pua.

Nikaamka. Asubuhi ya Jumatatu, siku ya hospitali. Mama alikuwa akiita nimwinue. Nikamshika mikono, akaguna.

"Mbona viganja vyako vinakwaruza leo?"

Nikavitazama. Saruji ilikuwa imeshaganda mpaka kwenye kucha.

Sikwenda kulitazama geti. Nikampa mama mgongo, nikachuchumaa, nikamwambia apande, leo tunapita mbele.