Boke

Nilimmwagia mzee Tokuji ndoo nzima ya maji, saa nne asubuhi, mbele ya watu, kwa kosa la kusema kweli. Miaka arobaini imepita na bado naona haya.

Nilikuwa mtoto wa mjini Osaka, nimeolewa Kagoshima kwa wakulima wa viazi vitamu. Mama mkwe, Kikuno, alinipa matuta sita na ahadi: nikivuna vizuri, atanikabidhi mwiko wa wali. Kwetu mwenye mwiko ndiye mwenye nyumba. Anayenyoosha bakuli ni mgeni tu. Niliutaka mwiko ule kuliko nilivyomtaka mume wangu. Basi kila wiki nikamwaga samadi ya kuku kwa siri. Majani yakanenepa mpaka udongo usionekane, nami nikavimba kichwa.

Ndipo jirani yetu Tokuji akasimama ukingoni, akasikitika.

"Lo! Kwa Kikuno huku ni boke tupu!"

Osaka, boke ni mtu aliyepotewa na akili kwa uzee. Kumtukana mama mkwe wangu!

"Boke ni wewe, babu!" Nikainua ndoo.

Oktoba tulichimba. Nikang'oa mizizi myembamba kama mikia ya panya. Tuta la pili, mikia. La sita, mikia. Nikalia.

Kikuno akachutama kando yangu. "Jani linapika sukari kwa jua. Nyingine linaila lenyewe lipate nguvu, nyingine linajengea mashina, inayobaki linaiteremsha chini iwe wanga. Huo ndio kiazi. Wewe umelishibisha samadi, likajenga weee, likasahau kuweka akiba. Hapa tunaita boke. Tokuji alikuwa anasema viazi, mwanangu."

"Kwa hiyo yule mzee..."

"Umemlowesha bure."

Alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. Nilitamani ardhi inimeze. Nafasi ilikuwepo, viazi havikuwemo.

Jioni tulikaanga mashina kwa mchuzi wa soya, ndiyo mavuno yangu yote. Tokuji alialikwa, akakaa mbali na ndoo. Wali ulipoiva nikanyoosha bakuli langu. Kikuno hakulipokea. Aliugeuza mwiko, mpini ukanielekea mimi.

"Kulima hujui," alisema. "Lakini kijiji kizima hakuna mwingine aliyewahi kunipigania. Anza na Tokuji. Mjazie."